Nani Atalipa Pensheni ya Wazee?



Kila mwaka, tarehe 15 Septemba, Bunge letu la Kinshasa hufungua kikao ambacho hudumu mpaka tarehe 15 Desemba. Kazi kubwa ya kikao hicho ni bajeti, yaani hesabu ya fedha zote ambazo Serikali yatumaini kuzipata na kuzitumia mwaka unaofuata. Katika miezi hiyo mitatu redio husimulia mabishano ya wabunge juu ya kodi na ushuru, na watu wengi huizima. Husema: “Hayo ni maneno ya wakubwa, sisi twahitaji shule, dawa na barabara.” Kumbe shule, dawa na barabara zimo ndani ya hesabu ile ile, au hazimo kabisa.

Leo nataka kuwasimulia mabishano ya namna hiyo yaliyotokea mbali nasi, katika Bunge la Uingereza, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nimeyachagua kwa sababu yalifanyika mbele ya macho ya watu wote, na mwanzo wake na mwisho wake wajulikana. Tena yanatuonyesha jambo ambalo ni gumu kuliona katika nchi yetu wenyewe, tungali katikati ya safari. Ni mara chache sana mtu husimama bungeni kumkataa mzee, mgonjwa au mtoto wa shule. Wote huwasifu. Vita huanza siku inapoletwa hesabu ya kulipa.

Kwanza tuelewe fedha yao ya wakati ule. Paundi moja ilikuwa na shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa na peni 12. Mfanya kazi wa shamba alipata kati ya shilingi 15 na 20 kwa juma. Alipozeeka na mikono yake kuishiwa nguvu, alikuwa na njia tatu: watoto wake, akiba yake kama alikuwa nayo, au nyumba ya maskini. Nyumba za namna hiyo zilienea nchini baada ya sheria ya mwaka 1834, nazo zilifanywa kuwa ngumu kwa makusudi, ili mtu asizikimbilie pasipo lazima. Mume na mke walitengwa. Kila mmoja alivaa nguo za nyumba ile. Wazee wengi waliiogopa kuliko kaburi. Sisi tuliozoea kumwona babu akila sahani moja na wajukuu wake twaona haya kuyasikia mambo hayo. Lakini tusijisifu upesi, maana hata katika miji yetu ya leo wako wazee ambao watoto wao wako mbali, na jirani ndiye awapaye chakula.

Mwaka 1908 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya pensheni ya wazee. Kuanzia tarehe 1 Januari 1909, mtu aliyetimiza miaka 70, kama mapato yake hayakuzidi paundi 21 kwa mwaka, aliweza kwenda posta kila juma kupokea shilingi 5. Aliyekuwa na mapato zaidi kidogo alipewa pungufu, na aliyezidi paundi 31 na nusu hakupewa kitu. Mzee huyo hakuwa amelipa mchango wowote kabla. Fedha ilitoka katika hazina ya Serikali, yaani katika kodi za watu wote. Tena aliipokea posta, mahali ambapo kila mtu huingia kununua stempu na kutuma barua. Hakuna aliyemlazimisha kubisha hodi katika mlango wa nyumba ya maskini. Wakuu walioitunga sheria hiyo walijua kwamba mtu huweza kufa njaa kwa sababu ya haya.

Haikuwa bado huduma ya watu wote. Miaka 70 ilikuwa mingi, na wafanya kazi wengi walizikwa kabla ya kuifikia. Mtu aliyekuwa akipokea msaada wa maskini alizuiliwa mpaka mwisho wa mwaka 1910. Hata hivyo, mwisho wa Machi 1909 wazee zaidi ya 600,000 walikuwa wamekwisha kuandikwa. Wengi wao walikuwa wanawake, ambao katika nchi ile hawakuwa na haki ya kuchagua wabunge mpaka mwaka 1918.

Hapa nisimulie jambo moja la Ireland, ambayo siku zile ilitawaliwa na Uingereza. Huko Serikali ilianza kuandika vizazi vya watu wote mwaka 1864 tu, basi mtu wa miaka 70 hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Wazee walifanyaje? Walikumbuka dhoruba kubwa ya usiku wa tarehe 6 Januari 1839, iliyoezua mapaa na kung'oa miti, ambayo watu waliiita Usiku wa Upepo Mkubwa. Aliyeweza kusema kwamba usiku ule alikuwa hai, tena mkubwa wa kutosha kushika kiazi mkononi na kukila, alihesabiwa kuwa amepita miaka 70. Ajabu ni kwamba watu wengi kabisa walikumbuka Upepo Mkubwa! Hesabu ya wazee wa Ireland ilizidi sana ile waliyoitazamia wakuu wa hazina. Wazee wetu, waliohesabu miaka yao kwa njaa, kwa nzige na kwa kupita kwa askari, wangeelewa vema mazungumzo ya posta zile.

Basi pensheni ilikuwa imeanza. Sasa tuje kwa hesabu ya kulipa.

Bunge la Uingereza lina mabaraza mawili. Baraza la Raia huchaguliwa kwa kura. Baraza la Mabwana, wakati ule, karibu wote waliokaa ndani yake walikuwa wamerithi cheo na kiti kutoka kwa baba zao. Pamoja nao walikaa maaskofu kadhaa wa Kanisa la Kianglikana. Mabwana wengi walikuwa wenye mashamba makubwa, na wengine walikuwa na mitaa mizima ya mji. Sheria ya pensheni hawakuipenda sana, lakini mwaka 1908 waliiacha ipite. Nani angetaka kuonekana akimpokonya bibi wa miaka 70 shilingi zake tano?

Waziri wa Fedha alikuwa David Lloyd George, mtu wa Wales, aliyefiwa na baba yake angali mtoto mchanga na kulelewa na mjomba wake, fundi wa viatu. Tarehe 29 Aprili 1909 alisimama mbele ya Baraza la Raia kusoma bajeti yake, akasema kwa muda wa saa zaidi ya nne. Hazina ilipungukiwa yapata paundi milioni 16. Upungufu huo ulikuwa na mizizi miwili. Mmoja ni pensheni. Wa pili ni meli za vita. Uingereza ilikuwa ikishindana na Ujerumani katika kuunda manowari kubwa, na magazeti ya wakubwa yalipiga kelele kwamba zijengwe nane mara moja, zisingojewe. Wasimulizi wengi husahau mzizi huo wa pili. Watu waliodai meli kwa sauti kubwa ndio hao hao walioshangaa walipoambiwa kwamba meli zina bei.

Lloyd George alitafuta fedha wapi? Kodi ya mapato ilikuwako zamani, lakini mtu asiyepata paundi 160 kwa mwaka hakuilipa hata kidogo, na wafanya kazi karibu wote walikuwa chini ya kiasi hicho. Aliipandisha kutoka shilingi 1 mpaka shilingi 1 na peni 2 kwa kila paundi, kwa wenye mapato makubwa na kwa wale walioishi kwa faida ya mali bila kufanya kazi. Juu yake aliweka kodi mpya ya nyongeza kwa wale waliopata zaidi ya paundi 5,000 kwa mwaka: peni 6 kwa kila paundi iliyozidi 3,000. Watu hao walikuwa yapata 10,000 katika ufalme wenye watu zaidi ya milioni 40. Kodi ya urithi pia ilipanda. Na baba mwenye mapato ya kadiri, yasiyozidi paundi 500, alipunguziwa paundi 10 katika hesabu ya kodi kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 16. Mtoza kodi aliambiwa sasa ahesabu watoto mezani kabla ya kuhesabu fedha.

Lakini neno lililowasha moto lilikuwa neno la ardhi. Fikirini mtu mwenye kiwanja kando ya mji. Hajengi, halimi, amelala tu. Mji wakua. Serikali yaleta barabara, kampuni yaleta maji, wenzake wajenga soko na shule. Baada ya miaka 20 auza kiwanja kile kwa bei mara kumi. Ni nani aliyekiongezea thamani? Lloyd George alisema kwamba ni jirani zake na mji mzima, basi katika ongezeko lile, sehemu 20 kwa mia ziende kwenye hazina ya wote. Na ili kujua ongezeko, ilipasa kwanza ardhi yote ya ufalme ipimwe na kutiwa bei. Mabwana waliposikia kwamba maafisa wa Serikali watatembea mashambani mwao na vitabu vya kuandikia bei, walikasirika kuliko walivyokasirishwa na kodi yenyewe.

Na maskini, je, hawakutozwa? Walitozwa. Ushuru wa pombe kali na wa tumbaku ulipandishwa, na kiko cha mzee wa shamba kililipa pamoja na sigara ya bwana wake. Wabunge wa Ireland walinung'unika sana kwa ajili ya ushuru wa whisky. Wale wanaosimulia bajeti hii kana kwamba tajiri alilipa kila kitu na maskini alipokea tu, hapo hupita kwa haraka.

Tuwasikilize pia waliopinga, maana hawakuwa wapumbavu wote. Walisema kwamba kupima ardhi yote si jambo la kukusanya fedha ya mwaka mmoja, bali ni sheria mpya kabisa iliyofichwa ndani ya bajeti ili isiguswe. Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Walisema pia kwamba mwenye mali akitozwa mno atapeleka mali yake nchi nyingine, na maskini atakosa kazi. Halafu walikuwa na shauri lao wenyewe la kupata fedha: kutoza ushuru bidhaa zitokazo nchi za kigeni, hata chakula. Hapo ndipo mimi naona hoja yao inakatika. Ushuru wa ngano hulipwa na kila alaye mkate, na mtu wa shilingi 15 hula mkate mwingi kuliko nyama. Pensheni ingelipwa na majirani maskini wa yule mzee, kidogo kidogo, kila asubuhi, bila mtu kuona.

Mabishano yalitoka nje ya Bunge. Tarehe 30 Julai 1909 Lloyd George alihutubia makutano katika Limehouse, mtaa wa maskini karibu na bandari ya London, akawachekesha watu kwa kuwadhihaki wenye ardhi. Ulimi wake ulikuwa mkali, pengine kupita kiasi kwa mtu aliyetaka sheria yake ikubaliwe na watu wale wale. Nao walimsaidia bila kujua. Mwenye cheo mmoja mkubwa, Duke wa Buccleuch, alitangaza kwamba kwa sababu ya bajeti hawezi tena kuipa timu ya mpira ya jirani mchango wake wa paundi moja na shilingi moja. Nchi nzima ilicheka. Yaani mtu mwenye mashamba yasiyopimika kwa macho ameanza kubana matumizi kwa kuwanyima vijana mpira!

Baraza la Raia lilijadili bajeti hiyo kwa zaidi ya nusu mwaka, wakapiga kura zaidi ya 500 juu ya vipande vyake, pengine usiku wa manane. Tarehe 4 Novemba 1909 waliipitisha kwa kura 379 dhidi ya 149. Sasa ilibaki kwa Mabwana.

Hapa yafaa wanafunzi wasome polepole. Tangu karne ya kumi na saba Baraza la Raia lilishika desturi kwamba habari za fedha ni zake, na kwamba Mabwana hawawezi kuzibadili. Sababu yake ni rahisi kueleweka: anayetozwa kodi ndiye mwenye haki, kwa mdomo wa mjumbe wake, kukubali au kukataa. Mwaka 1860 Mabwana walikataa kufutwa kwa ushuru wa karatasi, uliofanya magazeti kuwa ghali. Mwaka uliofuata Gladstone, Waziri wa Fedha wa siku zile, alizifunga kodi zote katika sheria moja; wakawa na njia mbili tu, kupokea furushi zima au kulitupa zima. Kwa karibu miaka 50 walipokea furushi.

Tarehe 30 Novemba 1909 walilitupa. Kura 350 zilikataa, kura 75 zilikubali. Askofu Mkuu wa York, Cosmo Lang, alisimama akawasihi wasifanye hivyo, lakini hakusikilizwa. Mabwana hawakusema kwamba wakataa pensheni. Walisema tu kwamba hawawezi kukubali mpaka wananchi wenyewe waulizwe. Maneno hayo yasikika vizuri sana. Lakini Serikali isiyo na bajeti haina mshahara wa kumlipa mwalimu wala askari, na baraza liwezalo kuinyima fedha laweza kuiangusha wakati wowote, hali lenyewe halikuchaguliwa na mtu.

Wananchi waliulizwa, Januari 1910. Jibu lao halikuwa la kelele kama wengine wasemavyo leo. Chama cha Serikali, cha Waziri Mkuu Asquith, kilipoteza viti zaidi ya 100. Kilibaki karibu sawa na wapinzani wake, kikasimama kwa msaada wa wabunge wa Ireland na wa chama cha wafanya kazi. Hata hivyo kilisimama. Tarehe 28 Aprili 1910, karibu mwaka mzima tangu siku ya ile hotuba ndefu, Mabwana waliiacha bajeti ipite bila kuhesabu kura.

Lakini jambo halikuishia hapo, maana kufuli iliyofunguliwa leo yaweza kufungwa kesho. Serikali ilitaka sheria ya kuwaondolea Mabwana uwezo ule. Mfalme Edward wa Saba alikufa Mei 1910. Uchaguzi mwingine ulifanyika Desemba. Na mfalme mpya, George wa Tano, aliahidi kwamba ikilazimu atawapa watu wapya mamia vyeo vya kuingia katika Baraza la Mabwana, mpaka kura zitoshe. Tarehe 10 Agosti 1911, katika joto kali lisilo la kawaida kwa London, Mabwana walipiga kura juu ya uwezo wao wenyewe. Kura 131 zilikubali kuupunguza, kura 114 zilikataa. Kati ya hizo 131, kura 13 zilikuwa za maaskofu. Zingehamia upande wa pili, sheria ingeanguka. Tangu hapo Mabwana waweza kuichelewesha sheria ya fedha mwezi mmoja tu, basi.

Mwaka huo huo wabunge walianza kupewa mshahara wa paundi 400, ili mtu asiye na mali naye aweze kuketi bungeni. Ilipitishwa pia sheria ya bima ya ugonjwa: mfanya kazi mwanamume alitoa peni 4 kwa juma, tajiri wake peni 3, Serikali peni 2, naye akiugua alitibiwa na daktari na kupewa shilingi 10 kwa juma. Mke wake na watoto wake hawakutibiwa kwa bima hiyo. Mama alipewa shilingi 30 ajifunguapo, lakini akiugua baada ya hapo ilimpasa kutafuta fedha mwenyewe. Pengo hilo lilikaa miaka 37.

Na kodi ya ardhi iliyowasha moto wote ule? Ilileta fedha kidogo mno, kazi ya kupima ilikula nyingi, ikafutwa mwaka 1920. Kodi ya nyongeza juu ya mapato makubwa, ambayo wachache waliipigia kelele, ndiyo iliyodumu na kukua.

Pengo la mama na watoto lilizibwa tarehe 5 Julai 1948. Siku hiyo, kwa sheria ya mwaka 1946 iliyoongozwa na Waziri wa Afya Aneurin Bevan, naye mtu wa Wales, mchimba makaa tangu ujana wake, kila mkaaji wa Uingereza aliweza kutibiwa, kulazwa hospitali, kupewa dawa, miwani na meno ya bandia bila kulipa mlangoni. Fedha ilitoka hasa katika kodi. Wapinzani walipiga kura dhidi ya sheria ile, lakini sikilizeni walivyosema: walikubali lengo, ila njia hawakuikubali. Ni wimbo ule ule.

Haikupita miaka mitatu. Aprili 1951 Waziri wa Fedha Hugh Gaitskell, wa chama kile kile cha Bevan, alileta bajeti yenye kuwataka wagonjwa walipe nusu ya bei ya meno na miwani. Fedha iliyotazamiwa kwa mwaka ule ilikuwa paundi milioni 13. Wakati huo huo, kwa sababu ya vita vya Korea, Serikali ilikuwa imepanga kutumia paundi milioni 4,700 kwa silaha katika miaka mitatu. Bevan alijiuzulu. Wengi walimwona mtu wa hasira, na hasira hakuikosa. Gaitskell naye alikuwa na neno lake: hazina ina mwisho, na kila wizara ikijiona haiguswi, hakuna bajeti. Lakini kwa hesabu Bevan alikuwa na haki. Baadaye Serikali ya Churchill, ambayo haikuwa rafiki yake, ilikiri kwamba mpango ule wa silaha hauwezi kutimizwa kwa muda uliowekwa, ikaupunguza mwendo. Mwaka 1952 iliongezwa shilingi moja kwa kila karatasi ya dawa.

Mwaka 1909 manowari na pensheni viliingia katika hesabu moja, na watu wakabishana miaka miwili juu ya pensheni. Mwaka 1951 mizinga na meno viliingia pamoja, na meno ndiyo yaliyopunguzwa.

Sasa turudi kwetu. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya mwaka 2006 chasema kwamba elimu ya msingi ni lazima, na ni bure katika shule za Serikali. Sikumbuki mtu aliyesimama kukikataa. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo mzazi aliendelea kulipa sehemu ya mshahara wa mwalimu, na mtoto wa asiyelipa alirudishwa nyumbani katikati ya mtihani. Ni Septemba 2019 tu ndipo amri ya elimu ya bure ilipoanza kutekelezwa nchini kote kwa madarasa yote ya msingi. Watoto waliingia kwa wingi, na furaha ya mama zao tuliiona sote. Kisha likaja swali lile la zamani. Walimu waliokuwa wakiishi kwa mchango wa wazazi, na ambao jina lao halikuwa katika orodha ya mishahara ya Serikali, waliambiwa wangoje. Oktoba 2021 walimu wengi wa shule za Kikatoliki hawakuingia darasani, na shule zikabaki kimya kwa majuma. Hakuna aliyesema elimu ya bure ni mbaya. Mwalimu aliuliza tu aliyeahidi kulipa yuko wapi.

Katika Katiba ile ile, kifungu cha 174 chasema kwamba kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria, kwamba kila mtu akaaye Kongo ana wajibu wa kuchangia, na kwamba hakuna anayeweza kusamehewa au kupunguziwa kodi ila kwa sheria. Someni maneno hayo ya mwisho mara mbili. Mjane anunuaye bidhaa iliyotozwa kodi ya mauzo, ambayo tangu Januari 2012 ni 16 kwa mia kwa kawaida, hulipa kiasi kile kile alipacho mwenye magari kumi, na hakuna amwulizaye kama ana watoto. Kampuni ikisamehewa ushuru kwa miaka kadhaa, msamaha huo nao ni fedha iliyotoka hazinani, ijapokuwa hauonekani katika safu ya matumizi. Mbunge wako ana haki ya kuuliza msamaha huo ulitolewa kwa sheria gani, nawe una haki ya kumwuliza kama aliuliza.

Mwanafunzi mmoja ametaka kujua kama kodi atozwazo mama yake sokoni huenda Kinshasa au hubaki mkoani. Swali hilo lahitaji ukurasa wake, maana itatupasa kueleza kifungu cha 175 na zile 40 kwa mia ambazo mkoa wapaswa kubaki nazo. Tutalijibu juma lijalo.